Hauna kijiko, hauna franga: dada wa Butembo anayenunua kompyuta mnadani

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Katungu Séphora anapiga magoti mbele ya katoni mbili katika ofisi ya mkuu wa shule moja ya sekondari mjini Beni. Amezitazama kwa dakika tano nzima. Hajazifungua.

Wazazi kumi na mmoja wamesimama kumzunguka. Mmoja anainua katoni upande mmoja, anaipima kwa mkono, anatabasamu.

"Iko nzito," anasema. "Mashini iko ndani."

"Papa, hata makaro iko nzito," Séphora anamjibu bila kugeuka.

Mzee anairudisha katoni chini taratibu, kama mtu aliyeshika mtoto wa watu. Katika miji hii miwili, kila aliyewahi kununua kitu kwenye simu anaijua habari ya makaro, yaani vigae vya sakafuni. Wasioijua watasimuliwa na wenzao kabla chai haijapoa.

Chai yenyewe ipo mezani, imeletwa na katibu wa shule. Sukari imezama chini, na kijiko hakuna. Vijiko vya ofisi hii vilipotea mwaka jana na uchunguzi, inasemekana, bado unaendelea. Séphora hata hivyo hajagusa kikombe. Amesema atakunywa pale tu kompyuta zote kumi zitakapowaka.

Na zisipowaka? Jumatatu, wanafunzi thelathini na wanane wa mwaka wa mwisho watakaa mbele ya jopo la mtihani wa vitendo. Shule ina kompyuta moja, ambayo herufi A iling'oka zamani. Kwa miaka miwili watoto wamejifunza kuandika kwenye katoni zilizochorwa herufi kwa kalamu ya wino.

"Batoto bangu banaandika mbio sana kwa katoni," anasema mkuu wa shule, Ézéchias Kambere, ambaye kila mtu humwita Prefe. "Mais katoni haina écran, haina kioo. Jury hawawezi kuwapa pointi kwa vidole peke yake."

Kwa hiyo wazazi walichanga, na mchango ukamfuata Séphora, mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, huko Butembo. Hana duka kubwa wala shahada ukutani. Jina lake tu ndilo lililofika Beni.

Kibanda chake kiko mtaa wa Furu, kati ya fundi viatu na mama anayeuza vitunguu. Kina meza moja, betri ya sola na simu mbili. Ukifika asubuhi, wakati ukungu wa Butembo bado umewavalisha watu makoti, utamkuta anabishana na mtu aliye mbali sana.

"Weka kijiko juu ya clavier, pale kwa herufi," anamwambia muuzaji kwenye simu. "Hapana pembeni. Juu! Sasa washa mashini, nione kijiko na écran pamoja."

Muuzaji anauliza kwa nini kijiko.

"Sababu picha nzuri iko mingi kwa internet. Lakini picha yenye kijiko chako, ya leo, hakuna mutu mwingine iko nayo."

Hiyo ndiyo kazi yake. Ulaya, ofisi zinapobadilisha kompyuta, zile za zamani huuzwa kwa mafungu kwenye minada ya mtandaoni. Saa ya mwisho ikifika, aliyetaja bei ya juu ndiye mwenye mali. Wengi wa Butembo na Beni wangependa kununua huko. Wengi pia wamelia huko. Séphora hununua kwa niaba yao, na kwa kila mashine anachukua dola kumi. Mwezi mzuri anabaki na dola mia moja na themanini. Mwezi mbaya, anasema, "tunakula sombe na historia," yaani kisamvu na hadithi.

Wateja wamempa jina: Madame Kijiko. Mwanzoni lilikuwa la kumcheka. Siku hizi amelichora mwenyewe mlangoni, kwa rangi nyekundu, na chini yake: HAUNA KIJIKO, HAUNA FRANGA, yaani bila kijiko hupati pesa.

Mlangoni hapo hapo, mguu wa kwanza wa mteja hukanyaga vigae sita vyeupe vyenye maua ya bluu. Ni kizingiti kizuri. Kilimgharimu dola mia nane na arobaini, na huenda hakuna cha bei ghali zaidi Butembo nzima.

Ilikuwa mwaka 2021. Mama yake, Masika, mkulima wa viazi upande wa Lubero, alikuwa ameuza nguruwe watatu. Séphora aliongeza zamu yake ya likirimba, ule mchango wa kupokezana wa akina mama, akaingia mnadani kutafuta kompyuta sita za kuanzia biashara.

Hakuwa mjinga. Alisoma maoni ya wanunuzi. Aliwakwepa wauzaji waliofungua akaunti juzi. Kisha akatokea muuzaji mmoja mwenye jina la Kinande kama lake, la watu wa Butembo, Beni na Lubero, akamwandikia: "Wavukire." Salamu ya asubuhi ya nyumbani.

"Moyo ukafunguka yote," anasema. "Mutu ananisalimia Kinande toka Ulaya, anajua Lubero, anajua baridi ya kwetu. Nilisema, huyu ni ndugu. Kumuuliza maswali ingekuwa matusi."

Kosa kama hilo linahitaji mtu wa huku. Kwetu mfanyabiashara anaweza kumkabidhi mwenzake lori zima la bidhaa kwa sababu babu zao walipanda mlima mmoja. Huyo ndugu alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Akamwambia watoke kwenye mnada, waongee kando, atampunguzia dola sitini. Séphora akatoka. Akatuma pesa moja kwa moja kwa jina aliloambiwa.

Katoni ilifika baada ya wiki tano. Uzito ulikuwa sawasawa. Ndani mlikuwa na vigae sita, vimefungwa vizuri kwa magazeti ili visivunjike.

"Alihurumia makaro, siyo mimi," anasema Séphora, na hapa hucheka mwenyewe kabla ya yeyote kuthubutu.

Wakati ule hakucheka. Alikaa siku nne bila kutoka nje. Siku ya tano mama yake alishuka kutoka Lubero, akavitazama vigae, akauliza swali moja.

"Nilimuuliza: biko bizima?" anakumbuka Mama Masika. "Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi tuweke kwa mulango. Nguruwe zangu haziwezi kufa bure. Kila siku ukiingia kazini, ubikanyage, ukumbuke."

Akakumbuka. Tangu siku hiyo halipi nje ya mnada hata aahidiwe nusu bei, kwa sababu pesa iliyolipwa ndani inashikiliwa mpaka mnunuzi athibitishe mzigo. Anaomba namba ya kila mashine, ile iliyochapwa chini ya tumbo lake. Anataka video ya mashine ikiwaka kutoka gizani mpaka mwisho, maana kuna zilizofungwa kwa neno la siri la ofisi ya zamani, na hizo, kwa kuwa hazimfungukii mtu mwingine, anasema, "ni sahani ya bei kali." Na kijiko. Kwa wote. Hasa kwa wanaosema Wavukire.

Ndipo likaja fungu la kompyuta kumi, mwezi uliopita. Bei nzuri, hali nzuri. Muuzaji: Vagheni, mkazi wa Liège, Ubelgiji, mzaliwa wa Lubero.

Wavukire, akaandika.

Séphora akaomba kijiko. Mara kumi, kompyuta moja moja, na mnada ulikuwa unafungwa kesho yake saa tisa alasiri.

Vagheni akawaka. Akampigia Prefe Ézéchias, ambaye namba yake ilikuwa kwenye anwani aliyopewa ili akadirie usafiri, kulalamika kwamba dada huyu anamchukulia kama mwizi. Prefe naye akampigia Séphora.

"Katungu, mwanangu, huyu ni mutu wa kwetu," alimwambia. "Anajua mpaka kanisa nilibatizwa. Tukimukosa, Jumatatu ya jury batoto bataandika kwa katoni. Acha mambo ya kijiko, mara moja tu."

"Prefe, ule wa makaro naye alikuwa wa kwetu."

"Donc kila Munande ni mwizi?"

"Hapana. Mwenye haki ataonyesha kijiko. Kama hapendi, mutafute mutu mwingine wa kuwanunulia. Franga ya wazazi iko yote, nawarudishia leo."

Prefe anakiri kwamba alikata simu kwa hasira, akazunguka uwanja wa shule mara mbili, akarudi kukaa. Hakumtafuta mtu mwingine.

Asubuhi yake picha zikaanza kuingia. Kompyuta ya kwanza na kijiko. Ya pili na kijiko. Kijiko kilekile cha chuma, chenye ua dogo kwenye mpini. Zilipofika sita, zikasimama. Saa nzima haikuingia hata moja. 

Vagheni, akizungumza kwa simu kutoka Liège, hafichi kilichotokea.

"Nilikuwa nimekasirika sana. Nilisema nitamutumia vijiko mpaka achoke! Mais nafika namba saba, mashini inaniomba mot de passe, neno la siri, ya ile bureau nilinunua kwao. Mimi sikuwa nimeziwasha zote. Njo nikasikia aibu. Ningemutumia ndugu yangu sahani, na ningeapa mbele ya Mungu ni mashini."

Aliitoa ya saba, akaweka nyingine, akaipiga picha. Namba zote zikaandikwa. Saa tisa kasoro dakika sita Séphora akataja bei, na fungu likawa la watoto wa Beni.

Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya ndege hadi Entebbe, gari hadi Kasindi, forodha, na barabara ya vumbi na vizuizi mpaka hapa, hakuna anayecheka sana ofisini kwa Prefe. Kuanzia mzigo ulipopokelewa, mnada unampa Séphora siku tatu kusema kama ni sawa. Baada ya hapo pesa inakwenda.

Anasimamisha simu mbili. Moja inarekodi gundi ya katoni, nyingine chumba chote.

"Kama ni mawe, mnada uone pamoja na mimi," anasema, na kisu kinapita.

Ni kompyuta. Mtu nyuma anasema "Amina!" kabla ya wakati. Séphora anainua kidole: bado. Anasoma namba ya kwanza kwa sauti, Prefe anailinganisha na karatasi, mashine inawaka. Ya pili, inawaka. Ya tano. Ya saba, wote wanaegemea mbele, inawaka bila kuomba neno la siri la mtu yeyote.

Ya nane haiwaki.

Anabonyeza tena. Kioo cheusi. Prefe anatoa kitambaa na kujipangusa shingo. Beni ina joto, lakini si kwa kiasi hicho. Yule mzee aliyepima katoni anasema kwa sauti ya chini, "Makaro."

Séphora anainama kwenye simu ya pili. Anafungua picha ya nane: kijiko, na nyuma yake kioo kinachong'aa. Namba ni ileile.

"Ilitoka Liège nzima," anasema. "Kwa hiyo imeugua njiani."

Anaigeuza, anatoa skrubu, anaingiza vidole viwili. Barrette ya kumbukumbu, kijiti chembamba kama rula fupi, imechomoka upande mmoja. Barabara ya Kasindi imewahi kuchomoa hata meno ya watu. Anaisukuma mpaka inalia *tak*, anafunga, anabonyeza.

Mwanga unapanda usoni mwake. Chumba kinalipuka.

"Eeh, Madame Kijiko!" anapiga kelele Prefe, mtu mwenye suti na tai. "Umenishinda, mwanangu. Ile siku nilikuwa mbaya."

"Ulikuwa na haraka tu, Prefe."

Ya tisa inawaka. Ya kumi inawaka, na chini yake, ndani ya gazeti, kuna kitu kimefungwa. Séphora anakifungua mbele ya simu zote mbili, kama desturi yake. Ni kijiko cha chuma chenye ua dogo kwenye mpini, kilichovuka forodha bila kutozwa senti. Kuna pia kikaratasi: *Mke wangu alikitafuta siku mbili. Amesema sasa ni chako. Wasingya.*

Wasingya ni asante. Séphora anakisoma mara mbili, kisha anajifanya kutafuta skrubu chini ya meza, na hakuna anayemharakisha kuinuka.

Vagheni, kwa upande wake, sasa hauzi chochote bila kijiko. Séphora naye anataka kukodi chumba kidogo Kasindi, mpakani penyewe, ambapo mnunuzi yeyote wa Beni, Butembo au Mbau atafunguliwa mzigo wake mbele ya kamera kabla siku tatu hazijaisha. Amekwisha kuweka kando dola mia mbili na kumi. Mama Masika ameuliza jambo moja tu: mlango wa huko una upana gani, maana vigae vitatu anaweza kumng'olea kutoka vile sita.

Nje ya dirisha, wanafunzi wameanza kupanga foleni. Baadhi bado wameshika zile katoni zao.

Prefe anakiomba kijiko akitundike ukutani, watoto wawe wanakiona.

"Hapana, Prefe," anasema Séphora. "Hiki ni cha kazi."

Anavuta kikombe. Chai imekwisha kupoa. Anachovya kijiko cha Liège, anakoroga sukari iliyolala chini tangu asubuhi, na anakunywa yote.