Eti msitu wetu hauna simba

Jamani, leo afisa mzima kaumbuka mbele yangu!

Nimemsindikiza binti yangu Neema kuomba ruzuku ndogo ya tovuti yake ya kutangaza msitu wa Pugu. Kaitengeneza mwenyewe, mwanangu huyo!

Afisa hata hakuifungua.

"Mama, kule hakuna simba. Nani ataenda kuangalia miti?"

Mara bosi wake akaingia. "Nina wageni Jumamosi, wanataka kutembea Pugu. Njia ipi?"

Afisa akatafuta kwenye simu, akaanza kumsomea. Akaitazama simu, akanitazama mie.

Kumbe ni tovuti ya Neema, na picha ya mbele ni mie, na kitenge hiki hiki!

"Endelea kusoma, baba," nikamwambia, "bosi asije akapotea."

Ombi limepokelewa, muhuri kagonga mwenyewe.

Eti hakuna simba! Nyie hebu mwangalieni vizuri huyo mwenye kitenge.