Herufi za Mzee Lali

Nilitoka Garissa juu ya lori la unga, nikalala Dobli chini ya lori jingine, nikapita Afmadow nimekalia magunia ya vitunguu, na Kismayu nikaingia miguu imevimba, koo limekauka kama kumbi la nazi. Naanza na safari ili ujue sikwenda kutafuta majini. Nilikwenda kumchukua shangazi yangu. Ninalokueleza nililiona jua halijatua, na homa sikuwa nayo. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamecheka.

Nilizaliwa mji huo. Vita vilipoanza tukakimbilia Mombasa, nikasoma hadi kidato cha nne, kisha nikawa mtu wa kuzunguka, natengeneza kompyuta za watu. Shangazi Esha alibaki. Mumewe, Mzee Lali, alikuwa baharia wa meli za Ghuba, nami niliondoka mdogo, hata sura yake sikuijua. Picha zake ziliporwa pamoja na makabati.

Habari zikafika Mombasa kwamba wanamgambo wanakusanyika kuuteka mji tena. Baba akaniambia, "Mlete dada yangu, hata kwa kumbeba."

Shangazi akakataa. "Niondoke, Lali akirudi amkute nani?"

Mzee Lali alikuwa amekwenda kwa mashua hadi kijiji cha Darakasi kuwaondoa jamaa zake. Mashua yake iliokotwa kisiwani Chovae, kamba zimekunjwa vizuri, ndani hamna mtu. Kila mtu alijua. Binti yake, Rukia, alijua. Shangazi tu ndiye hakujua, au hakutaka.

Nyumbani mlikuwa na kompyuta ya kisogo, ya kizamani, imetumwa na mtoto wao wa kiume aliye Ulaya. Rukia alikuwa akiwachapia watu barua, akitaka herufi ndogo ili ukurasa mzima uonekane. Shangazi alitaka kubwa. Lakini kipimo cha skrini kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima. Mmoja akikibadilisha, amewabadilishia wote. Basi kutwa ugomvi.

"Mama, herufi zako kama mabango ya duka!"

"Na zako kama chawa. Mimi nasoma, sisaki chawa."

Nami nimekaa bure, nangoja moyo wake ulainike. Nikampa kila mmoja akaunti yake, na katika kila akaunti nikaweka programu ndogo inayokumbuka kipimo cha mwisho cha mwenyewe na kukirudisha akifungua. Ugomvi ukaisha. Shangazi akasimama nyuma yangu.

"Na ya Lali," akasema.

Rukia akatazama ukuta. Nikaitengeneza. Kipimo alikichagua Shangazi mwenyewe, chenye herufi kubwa kuliko zote, maana Mzee Lali alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Tangu hapo, kila umeme wa jenereta ya jirani ulipokuja alasiri, alikuwa akiifungua akaunti ile, akiitazama kidogo, akiifunga.

Alasiri moja wanawake walikwenda matangani, nikabaki peke yangu. Mzee mmoja akapiga hodi. Nikamfungulia, nikarudisha komeo kama ilivyokuwa desturi ya mji ule. Alivaa kikoi na kofia ya kiua. Nikamwambia Rukia hayupo, kama ni barua asubiri. Niamini, hakuwa na la ajabu. Najua utauliza kuhusu kwato za majini. Vidole vya miguu niliviona, vyote vya mtu.

"Nioneshe picha ya mtoto wa Ulaya," akasema.

Sikushangaa. Shangazi alikuwa amepata mjukuu huko, na mtaa mzima ulikuja kumtazama kichanga yule. Nikafungua akaunti ya Mzee Lali, kwa kuwa mgeni alikuwa mtu mzima na herufi humo ni kubwa.

"Mno. Punguza."

Nikapunguza.

"Punguza tena, mwanangu. Mwataka kunipofua?"

Nikashuka hadi mwisho. Picha ikawa ndogo kama stempu. Mimi, kijana mwenye macho mazima, nikaona doa jeupe tu. Yeye alikuwa ameegemea kiti, mbali, akasoma kama mtu asomaye kibao cha njia panda.

"Kile kikanda cha hospitali, mkononi mwake. Lali. Wamempa jina."

Hakucheka wala hakulia. Nikaenda jikoni kumletea kahawa. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, na komeo liko mahali pake, kwa ndani. Utasema alipita dirishani? Madirisha ya nyumba ile yana nondo.

Kesho yake Shangazi akafungua akaunti ile, akarudi nyuma. "Nani kapunguza?"

Nikamweleza yote. Rukia akampigia simu kaka yake. Akamuuliza kuhusu jina lile. Kaka akasema ndiyo, mtoto anaitwa Lali. Alikuwa hajamwambia mama, maana katika nyumba yao jina la babu hupewa mjukuu babu akishafariki, na hakuthubutu kuwa wa kwanza kulisema hilo. Nikaikuza ile picha mpaka ikavunjika vipandevipande. Mkononi mwa mtoto palikuwa na ukungu tu, herufi hazisomeki.

Shangazi hakulia. "Mchu akifa pazia huondolewa, macho yake yakawa makali," akasema kwa lahaja ya kwao. "Hukufunzwa chuoni, kwenye Kurani?" Akaingia chumbani, akavua bangili, akatoka na nguo nyeupe za eda. "Siku aliyokufa siijui. Nitahesabu kuanzia yeo."

Unaelewa? Nilidhani akikubali kwamba mumewe amekufa, ataondoka. Sasa alikubali, na mwenye eda hatoki nyumbani mwake miezi minne na siku kumi. Wanamgambo hawangengoja hivyo.

Simu ya nyumba ile haijapokelewa tena. Rukia yuko Mombasa, na habari za kompyuta hazungumzi nami. Mimi nimekaa Tanga, Dar, Nampula, sikai sana pahali. Moyo umekufa ganzi, kama mguu uliolaliwa vibaya. Mteja akiniambia nimpunguzie herufi, namtazama macho kwanza. Akisoma pale nisipoona mimi, nafunga vifaa na kwenda zangu. Nawe nakuonya, usimwekee nafasi mtu usiyejua alipo, iwe kiti, iwe sahani, iwe akaunti. Huenda akaja kuitumia, na jibu atakalokuletea halitakuwa la kukusaidia wewe.

Siku niliyoondoka, milio ilikuwa inasikika upande wa barabara ya Afmadow. Gari limesimama mlangoni. Rukia akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, dini imeruhusu. Mwenye eda akiwa na hofu, huhama."

"Kweli, Shangazi," nikasema. "Uliza mwalimu yeyote."

Shangazi alikuwa anamfunga Rukia mtandio kidevuni, taratibu, kama amfungavyo mtoto wa chuo.

"Mwenye hofu huhama," akasema. "Mimi hofu sina. Nendani salama."

Gari likapiga honi. Tukapanda.