Jina Nililomnong'oneza Mdogo Wangu

Nikiwa bado mtoto wa miaka tisa pale Rujewa, nilipigana na binamu yangu mpaka akatoka damu puani, na tulichogombania ni jina la panya. Si panya wa ghalani. Panya wa katuni, mwenye mabuti mekundu. Sisi tulimwita Mbishi, kwa sababu diski yetu, iliyonunuliwa mnadani Chimala, ilikuwa na sauti ya jamaa anayetafsiri, naye ndiye aliyempachika jina hilo. Binamu akaja likizo kutoka Uyole na diski ya mtafsiri mwingine, akasema panya anaitwa Kaviatu. Weee! Nilimrukia.

Kilichonivuruga zaidi kilikuwa nyumbani kwa Rehana, mwanafunzi mwenzangu, binti wa Mhindi mwenye duka. Kwao walimwangalia panya yuleyule kwa Kihindi, na huko alikuwa Chotu. Rehana hakugombana na mtu. Alisema tu, "Kwetu ndiyo anaitwa hivyo." Mimi si mtu wa kutulia, nikianza kuwaza kitu, hata ugali haushuki. Panya mmoja, majina matatu, na kila nyumba inaapa lake ndilo! Mwishowe nikalichukua la Rehana, maana lilikuwa tamu mdomoni.

Mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu wa kiume. Bibi, mama yake baba, akaja kutoka Iringa kumtunza mzazi. Mtoto hakuwa na jina bado, maana kwetu jina halichaguliwi tu, linasubiriwa. Kazi yangu ikawa kumbeba mgongoni, na kwa kuwa sikuwa na la kumwita, nikamwita Chotu. Akilisikia, anageuza kichwa. Siku moja Bibi akanisikia, akaacha kupepeta mchele.

"Umemwitaje?"

"Chotu, Bibi. Wa kwenye katuni."

"Huyo Chotu alikufa lini? Kaburi lake liko wapi?"

"Hana kaburi, Bibi. Ni wa kuchorwa."

"Basi usirudie. Jina lisilo na mtu halina wa kumlinda mtoto. Litaondoka naye."

Nikaacha. Yaani niliacha mbele yake.

Mtoto alipofika miezi mitatu akaanza kulia. Alilia siku mbili, titi akalikataa. Wakampeleka hospitali, wakapewa dawa, wakarudi, kilio kikawa kilekile. Mama alikuwa amevimba macho. Mimi nilijua. Nilijua kabisa kwamba Chotu amekuja kumchukua mdogo wangu, na mlango nimemfungulia mimi. Nikavunja bakuli, nikachapwa, na bado sikusema.

Asubuhi ya siku ya tatu Bibi akasema mtoto analilia jina. Kwetu, mtoto akilia bila sababu ya kuonekana, kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Marehemu wanatajwa mmoja mmoja huku mama amemwekea mtoto titi mdomoni. Likitajwa jina mtoto akanyonya, basi ndilo lake. Tukakaa uani. Bibi alishika kikombe cha maji, kila jina anamnyunyizia kidogo.

"Msigala!" Mtoto analia. "Kalinga!" Analia. Akataja wanaume ninaowajua na nisiowajua. Sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kufifia, na huko kufifia ndiko kulikonitisha kuliko kilio chenyewe.

Likabaki moja, la babu, mume wa Bibi mwenyewe. Nadhani alikuwa akiliogopa, kwa sababu likikataliwa na hilo, hana tena pa kwenda. "Kihwele!" akaita. Na mimi, niliyekuwa nimechuchumaa nyuma ya mama, nikainama sikioni mwa mtoto nikanong'ona, "Chotu, nyonya."

Akageuza kichwa upande wangu. Kisha akanyonya.

Bibi alipiga vigelegele, halafu akalia, akajifuta kwa khanga. "Umerudi, mume wangu. Umetusumbua, lakini umerudi." Baba, ambaye sikuwahi kumwona akitokwa na chozi, alitoka nje ya ua akasimama huko peke yake. Jamani, ningesema nini? Ningewaambia ni panya?

Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa Babu. Baba hakumchapa hata mara moja, maana utamchapaje baba yako mzazi? Bibi alimpa kiti cha marehemu, na kila likizo alimtaka Iringa, amwonyeshe mipaka ya shamba. Mimi roho juu miaka yote. Akikohoa, nakimbia. Bibi akimwita "mume wangu", natafuta kazi jikoni. Mapenzi yote aliyopewa niliyaona kama nguo ya mtu mwingine, na mwizi ni mimi.

Bibi alifariki mwaka juzi. Mwezi uliopita nilimtembelea mdogo wangu Uyole, kwenye banda lake la kutengeneza simu. Mwanangu alikuwa amejikunyata na simu yangu, na kwenye kioo, loh, yule panya! Chini yake watu wa dunia nzima wanabishana anaitwaje, kila mmoja anashikilia jina la utotoni mwake. Mmoja kaandika jajaja, mwingine kkkk, mwingine 555.

"Hawa wanaandika nini?" nikauliza.

"Wanacheka, Dada. Kila mtu anacheka kwa lugha yake. Sisi tunaandika nimekufa."

"Unacheka, halafu unasema umekufa?"

"Ndiyo mtandao huo."

Nilicheka, kisha nikamkumbuka Bibi. Nikamweleza yote pale pale: katuni, onyo la Bibi, nilichomnong'oneza. Nikasema, "Pengine si Babu aliyekunyamazisha. Pengine ni mimi tu."

Akaweka bisibisi chini.

"Dada, Bibi alipokuwa anakata roho alinishika mkono akaniaga kama mume wake. Akaniomba radhi kwa mambo yao ya ujana, mambo hata siyajui. Nikamwambia nimemsamehe, akatulia. Sasa unataka nikamwambie nini?"

Miaka ishirini nimehangaika na jina lipi lilikuwa la kweli, na wakati mimi nahangaika, yeye alikuwa analitumikia alilopewa. Siwezi kusema nimetulia, sivyo nilivyoumbwa. Ila sasa naona kuwa siku ile uani nilimpa Bibi mtu wa kumsamehe, bila kujua, na kwa woga mtupu.

Miaka yote nilikuwa namwita kwa jina la shule, nalikwepa lile lingine. Wakati wa kuaga nilisimama mlangoni mwa banda nikasema, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia, na hakucheka.