Mgonjwa wa Kuajiriwa

Ukimuuliza dada yangu anafanya kazi gani, atakujibu kwamba anaugua. Na hatanii. Hospitali ya mafunzo imemwajiri awe mgonjwa: leo kajikata na kisu, kesho kaanguka ngazini, keshokutwa hapumui vizuri. Watoto wake wamezoea. Akirudi jioni wanamuuliza kama leo kapona au kafa, naye huvua viatu na kusema kafa, kwa hiyo vyombo wataosha wao.

Mimi ni mdogo wake, na kazi hiyo nilimtafutia mimi, maana mimi ndiye ninayesafisha na kutayarisha chumba cha mafunzo. Namfunga mkononi kipande cha ngozi ya mpira chenye jeraha la bandia, nakipaka rangi nyekundu, kisha madaktari wanafunzi wanaingia kumshona. Wangeweza kuushona mpira huo mezani, bila mtu. Lakini daktari anayewafundisha, mwanamke mfupi asiye na masihara, anasema meza haiogopi. Anataka washone huku wakiongea na mtu, wamtazame usoni, wajiulize kila mara kama kuna kitu kimebadilika. Na sheria yake kubwa ni hii: mgonjwa akisema "subiri", unaweka chombo chini, unauliza, unafikiri upya. Kama anaigiza au haigizi, si kazi yako kubahatisha. Wanafunzi wamembandika jina la Mama Subiri, na yeye analijua.

Sasa, kulikuwa na kijana mmoja tuliyemwita Cherehani. Nisimnyime haki yake: mkono wake mwepesi, na nyuzi zake zilikaa sawasawa mpaka wenzake wakawa wanakuja kuchungulia. Ila mdomo alikuwa nao wa kulia chakula tu. Mgonjwa, kwake yeye, alikuwa ni ile nyama inayozunguka kidonda.

Siku ya mtihani dada alijisogeza kidogo kitini, na ule mpira ukateleza. Cherehani hakuona, kwa kuwa hakutazama. Sindano ikapita ukingoni mwa mpira, ikaingia kwenye nyama ya dada yangu. Dada akasema, "Daktari, subiri, inauma kweli." Unajua alimjibu nini? "Vumilia, mama, unaigiza vizuri sana." Akavuta uzi. Akachoma tena.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Sikumbuki nililiweka wapi. Nilimshika Cherehani mkono nikamwondoa, liwalo na liwe, na Mama Subiri alikuwa keshafika upande wa pili na mkasi. Mpira ulikuwa umeshonewa kwenye mkono wa dada yangu kama kiraka kwenye suruali. Cherehani kakodoa macho tu. Nilitamani nimzabe kibao, na hata leo nikikumbuka, kiganja kinaniwasha.

Ungedhani mambo yaliishia hapo: kafeli, arudie, basi. Thubutu! Katika mtihani ule mgonjwa naye ana kauli yake. Anaulizwa kama angekubali kurudi kwa daktari huyu. Dada alisema hapana, na hapana yake inatosha kumrudisha mtu darasani muhula mwingine kabla hajaachiwa wagonjwa peke yake. Kesho yake tukaitwa ofisini kwa profesa, mkuu wa idara: dada na bandeji yake, mimi na kosa la kumgusa daktari, na Mama Subiri kakunja mikono. Cherehani alisimama kando, koti limepigwa pasi.

Profesa alianza kwa maneno matamu. Ajali haina kinga, akasema. Wodi ya majeruhi haina madaktari wa kutosha, na itakuwa dhambi kumchelewesha kijana mwenye mkono kama ule kwa sababu ya maneno maneno. Alitaka dada abadilishe hapana yake iwe ndiyo. Kisha, akitazama dirishani, akakumbushia kwamba mikataba yetu sisi wawili iko karibu kuisha. Hasira zilinipanda mpaka utosini. Mtu katobolewa mkono, halafu yeye ndiye anayebembelezwa na kutishwa!

Mama Subiri akajaribu kueleza kwamba kumsikiliza mgonjwa ni sehemu ya kushona, si pambo. Profesa akampungia mkono kama anayefukuza nzi, akamgeukia dada.

"Mgonjwa wa kweli angekuwa amechomwa ganzi," akasema. "Asingesikia chochote. Sasa kosa liko wapi?"

Dada yangu si mtu wa kelele. Alishika bandeji yake.

"Mimi nilichomwa ganzi, Profesa. Nilipomzaa binti yangu nilichanika, nikashonwa. Ganzi haikushika. Nilisema inauma, nikaambiwa haiwezi kuuma."

Jamani. Tumelala chumba kimoja utotoni, tumegombana, tumezika wazazi pamoja, na hilo hakuwahi kuniambia. Siku ile nilikuwa nje ya mlango na chupa ya uji, nasikia kelele, nadhani ni uchungu wa uzazi tu.

Na Profesa? Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wanawake wengi huwa na hofu saa ya kujifungua, na hofu humfanya mtu ahisi visivyokuwepo. Nikafungua mdomo nimtukane, na kazi iende zake.

Cherehani akanitangulia. Hakumtazama Profesa. Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha dada mpaka macho yao yakalingana, jambo ambalo Mama Subiri alikuwa amelihubiri muhula mzima bila yeye kulifanya hata siku moja.

"Mama," akasema, "ulipomwambia yule aliyekushona kwamba inauma, alikuwa amefika wapi?"

"Ndiyo kwanza alikuwa anaanza."

"Akaendelea mpaka wapi?"

"Akamaliza."

Mimi kijana yule sijamsamehe, nisiseme uongo. Lakini alipoinuka alimwambia Profesa asimwombee tena: hapana ya mama ibaki hapana, na yeye anarudi darasani.