Mwanamke Anayeitikiwa na Kima

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Eusebia Canché amesimama chini ya mti wa ramoni, ambao kima hupenda matunda yake, shingo juu. Kima mwenye mikono mirefu anatoa mlio wa kutetemeka, kama farasi aliye mbali.

"Huyo Petrona," ananong'ona. "Anauliza wenzake wako wapi."

Mlio mwingine unajibu kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Binti yake. Mvivu wa kuitika, huyo!"

Eusebia, 46, hufuatilia kima kwa niaba ya watafiti karibu na kijiji chake cha Wamaya huko Yucatán, Mexico. Kwa miaka kumi na minne amezoea kuwatambua kima thelathini na wanane kwa sauti tu. Kundi hutawanyika kutafuta matunda, na milio hiyo ndiyo huwaunganisha. Kila kima anayezaliwa hupewa jina la ndugu wa mfuatiliaji aliyemwona kwanza. Nicolasa, kima aliyeonwa kwanza na Eusebia, alipewa jina la marehemu mama wa Eusebia.

Nicolasa hajaonekana tangu moto ulipounguza sehemu ya msitu mwezi Aprili. Eusebia akawa anamwita kila asubuhi, kwa mlio wa kima wenyewe, akasahau kabisa vinasa sauti vya watafiti vilivyofungwa mitini.

Mwezi Mei mtafiti, Dakta Graciela, alimjia mbio. "Doña Eusebia, vinasa vimepata sauti ya jike mgeni! Na kima wenyeji wanamwitikia!"

Eusebia alijua fika jike huyo ni nani. Alificha siku tisa, akiogopa kufukuzwa kazi. Fermín, shemeji yake na mwenzake kazini, aliyekuwa amemsikia akiita, hakumwacha apumue.

"Shemeji, mgeni wako anapenda maharage?"

"Nyamaza, mdomo wako huo!"

Siku ya kumi alikiri kwamba sauti ile ni yake. Graciela alicheka mpaka machozi, kisha akafuta rekodi za wiki sita. Jambo hilo bado linamuuma Eusebia. Sasa haruhusiwi kuita vinasa vikiwa vimewashwa.

"Lakini walikuwa wakiniitikia," anasema, macho yakimng'aa. "Walidhani mimi ni nani? Hata Dakta hajui."

Vinasa vitashushwa Ijumaa ya mwisho ya Juni. Siku hiyo atakwenda peke yake upande ulioungua.

"Nitaita mara tatu. Akiwa hai ataitika, hajawahi kuninyima jibu. Asipoitika, nitakaa hapo hapo nimlilie. Nimechoka kuitikiwa na wengine wakati namwita yeye."