Mwendo wa Tata

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka nguo niliyovaa. Lilikuwa gauni la kijani lenye mifuko miwili, nililinunua Kampala, na kila Jumapili nilikuwa nalivaa ili watu wa kwetu Kimwani wasisahau kwamba nimetoka Kampala. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Misa ilikuwa imekwisha, nami nimesimama mlangoni mwa banda la video pale senta, penye maduka. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Ndani watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakingoja filamu yangu.

Nasema yangu, kwa sababu niliichora kwa mkono huu unaouona.

Wewe unayejifunza kazi hii leo unachora kwenye kioo kwa kalamu isiyo na wino, unafuta unapotaka, na jioni kazi yako imeshafika kwa watu usiowajua. Nimeona michoro yako. Una mkono. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa, maana mtu asiye na mkono hawezi kufanya kosa nililofanya mimi. Sina hadithi ya kukuchangamsha. Nivumilie tu mpaka nimalize.

Baba yangu aliitwa Anselmi. Sisi tulimwita Tata, kama Wahaya wote wanavyowaita baba zao, na watu wengine walimwita Katekista. Aliugua polio akiwa mdogo, mguu wa kulia ukabaki mwembamba na mfupi. Alipotembea aliuzungusha kwa nje, kiganja kikibonyeza paja, halafu baada ya hatua mbili tatu alijivuta juu kidogo kama mtu anayeruka mfereji. Kwa mguu huo alizunguka vigango vinne, makanisa madogo ya parokia, kufundisha watoto komunyo ya kwanza, akirudi nyumbani ndipo anaingia kwenye kibanja kupogolea migomba na kuchuma kahawa. Hakuna aliyemcheka. Nadhani hakuna hata aliyeuona tena ule mguu. Ulikuwa mwendo wa Katekista, basi, kama mwingine alivyokuwa na sauti nene.

Padre wa parokia yetu alikuwa ameona picha nilizochora ukutani mwa kigango, akanitafutia nafasi kwenye chuo kidogo cha uchoraji Kampala. Huko walifundisha katuni, zile picha za kuchorwa zinazotembea. Tata alinisindikiza mpaka Mutukula, mpakani, na begi langu alilibeba mwenyewe.

“Koku,” aliniambia, “sijawahi kusikia mtu akisomea katuni. Lakini kama mwalimu yupo, basi soma.”

Mwalimu alikuwepo. Mama mmoja mkali, miwani ikining'inia kifuani, hana maneno mengi. Wiki ya pili alituambia tuchore mtu anatembea. “Na asiwe mtu tu,” alisema. “Awe mtu mmoja.” Tulichora juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, karatasi juu ya karatasi, ili kila mchoro usogee kidogo tu kutoka ule uliotangulia. Wenzangu wote walitoa mtu yule yule, mikono inapepea, miguu inapishana kama mkasi. Mimi nilikuwa nimekumbuka nyumbani. Nilipofumba macho, kilichokuja ni Tata anashuka kutoka kigangoni. Nikachora karatasi ishirini na nne.

Mwalimu alizipeperusha mbele ya darasa, na yule mtu akatembea. Mwanangu, sijui kama umeshafikia siku hiyo, siku ambayo kitu ulichokichora kinavuta pumzi.  Halafu mmoja akacheka, na wote wakacheka, wakapiga meza.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, “Huyu ni nani?”

“Si mtu yeyote,” nikasema.

Aliniangalia, akanirudishia karatasi zangu. Nami sikujali, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamejaa kile kicheko. Nilikuwa binti wa shamba ambaye Kiingereza chake kilikuwa kinawachekesha watu kila siku. Siku ile walicheka nilipotaka mimi wacheke. Nililewa. Nilimwongezea yule mtu kitambi, nikamvika kofia iliyochanika, nikampa mkungu wa ndizi kichwani unaoanguka kila anapojivuta juu. Nikamwita Babu Chechemea. Mwaka mzima nilichora, na mwishoni nilikuwa na filamu ya dakika nne.

Likizo iliyofuata nilipita Bukoba mjini, Miembeni, kwenye duka la kuchapisha kadi, wakanitengenezea nakala za CD. Mwenye banda la video wa kwetu alichukua moja. Mwenye banda la Muleba naye akachukua, na wachuuzi wa samaki wakabeba nyingine kwenda visiwani. Kwa wiki tatu watoto walinifuata njiani. Nyumbani sikuwaambia kitu. Niliwaambia ni kazi ya shule tu, haina maana. Hapo ujue nilikuwa najua. Usikubali mtu akuambie kwamba kijana hajui. Nilijua kabisa, ila nilikuwa nimekiweka kile ninachojua mahali nisipopita.

Sasa, Jumapili ile nimesimama mlangoni, namwona Tata anakuja na koti lake la misa. Nyuma yake wanafunzi wake wawili wa komunyo. Alikuwa amesikia kanisani kwamba binti yake ana filamu.

“Mbona hukunialika?” aliniuliza. Alikuwa anatabasamu.

Nikamjibu kwa heshima ya Kihaya, “Waitu, Tata, humo ndani kuna joto.” Akanigusa bega, akapita. Watu wakampisha kwa heshima, wakampa nafasi benchi la mbele.

Filamu ikaanza. Babu Chechemea akatokea juu ya kilima na mkungu wake, na banda zima likaangua kicheko. Akashuka. Akauzungusha mguu, akabonyeza paja, akajivuta juu, mkungu ukaanguka. Niliona kichwa cha Tata kimetulia. Kisha mama mmoja benchi la pili akaacha kucheka. Akamgusa mwenzake. Vicheko vikaanza kukatika kimoja kimoja, watu wakamtazama Babu Chechemea ukutani, wakamtazama aliyekaa mbele yao. Walikuwa wameona, mwanangu. Mguu ambao hawakuuona kwa miaka yote ile nilikuwa nimewaonyesha mimi. Halafu kijana mmoja nyuma, ambaye hakuweza kujizuia, akapasuka kwa kicheko, na kile kilikuwa kibaya kuliko kicheko cha wote.

Filamu ilipokwisha watu walitoka haraka, wengine bila kunisalimu. Tata hakutoka. Nilidhani ana hasira. Nilisimama pale mlangoni nikingoja asimame, naye alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, anatazama kitambaa cheupe cha ukutani kisicho na kitu. Nilichukua muda kuelewa. Alikuwa anangoja watu waishe nje. Hakutaka kusimama na kutembea mbele yao.

Mwenye banda alizima jenereta. Ndipo Tata akanyanyuka. Alipofika kwangu alisema, “Umejua kuchora, Koku. Mguu ni wangu kabisa.” Akaenda.

Sikumfuata.

Mama yangu hakunifokea. Alikuwa anamenya ndizi jikoni nilipoingia, akaendelea kumenya. Kisha akasema, “Ungemwibia kahawa, ungerudisha kahawa. Hii utairudishaje?” 

Nilijaribu. Nilikwenda kwa mwenye banda akanipa CD yangu, akacheka akisema vijana wameshatoa nakala. Nilikwenda Muleba, nako vivyo hivyo. Nikapanda mtumbwi wa injini kwenda kisiwani nilikosikia inaonyeshwa kila siku. Wavuvi waliposikia kwamba ndimi niliyechora, walinipa kiti na soda, na mwenye banda akaiwasha kwa heshima yangu. Wakacheka mpaka wakatokwa na machozi, watu wema kabisa waliotoka mbali, wasiomjua mtu yeyote wa Kimwani. Nikamwomba mwenye banda aizime na anipe.

“Kwa nini, dada? Tunaipenda,” alisema. “Kwani huyu mzee ni nani?”

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningesema, ni baba yangu, anafundisha watoto sala, na sasa anaogopa kutembea mbele ya watu. Naamini wangeizima. Lakini wote walikuwa wananitazama kwa kunistahi, na mdomo wangu ukasema, “Ni wa kubuni tu.” Nikanywa soda yao. Nikarudi na mtumbwi wa mchana.

Kama unataka kujua kosa langu ni lipi, wengi hudhani ni ile filamu. Mimi nadhani ni ile soda.

Tata aliacha ukatekista mwezi ule ule. Alimwambia padre kwamba mguu umechoka. Misani alianza kwenda mapema kabla mtu hajafika, na akitoka, anatoka wa mwisho. Watoto aliowafundisha Baba Yetu walikuwa wanachechemea njiani, kiganja pajani, wakidhani hasikii. Nilipiga magoti mbele yake mara moja, kwenye kibanja, chini ya migomba, nikamwomba msamaha. Aliniinua mwenyewe.

“Nilishakusamehe, mwanangu,” alisema. “Lakini wale watoto barabarani hawajui kama nimekusamehe.”

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Alikufa wakati wa masika, na waliobeba jeneza walikuwa wanateleza kwenye tope, na kuna mtu kwenye umati alicheka kidogo. Labda alicheka kitu kingine. Sitajua.

Chuo sikurudi. Ninachapisha kadi za harusi Bukoba mjini, na ninaandika majina kwenye misalaba ya makaburi. CD zilikufa, nikashukuru Mungu, halafu simu zikaja na Babu Chechemea akaamka. Mtu fulani alikuwa amemtunza. Mwaka huu tu nimemwona kwenye simu ya mteja, ametiwa muziki, jina langu halipo. Mteja alinigeuzia kioo ili na mimi nicheke.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo sijamwambia mtu. Nilitaka kumchora upya. Si kwa ajili ya watu, kwa ajili yangu tu, Tata anashuka kutoka kigangoni kama alivyokuwa. Nimejaribu miaka mingi. Kila nikiweka karatasi, anayetembea ni yule mwingine, mwenye kitambi na kofia. Nimeshamchora mara nyingi mno. Mwendo wa kweli wa baba yangu umetoka kichwani mwangu, nami siuoni tena hata nikifumba macho. Kwa hiyo nilimpoteza mara mbili, na hii ya pili haina kaburi la kwenda kupalilia.

Basi nisikilize. Nenda kasome, sikukatazi. Chora watu, maana bila watu michoro yako itakuwa mikasi inayotembea. Lakini unayemchora, mwonyeshe yeye kwanza, kabla ya mwalimu, kabla ya marafiki, kabla hujaibonyeza ikaenda. Ukijiona unatafuta sababu ya kutomwonyesha, chana. Usiseme utairekebisha baadaye, chana wakati ule ule, hata kama ndiyo kazi yako bora, na mara nyingi ndiyo itakuwa bora. Na ukiulizwa huyu ni nani, taja jina lake. Litaje hata kama kila aliyepo ataacha kukupenda. Usingojee hadi upate ujasiri, kwa sababu mimi niliungoja na haukuja.

Maneno haya hayatakusaidia kama umeshakosea. Kwa hilo sina dawa, na sitakudanganya kwamba ipo. Nakuambia kabla.

Haya, simama nikubariki kama wazazi wetu walivyotubariki, mkono kichwani. Mungu akupe mkono mwepesi na macho yenye haya. Akupe watu wa kukukataza mapema. Wale utakaowachora wakikuona unakuja kwa mbali, wasigeuze njia, wakungoje. Nenda, mwanangu. Nenda salama.