Kisiki cha Mjohoro

Mizizi ya mjohoro uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, hapa Katoro, ilikuwa imeanza kuinua sakafu ya jiko. Fundi wa msumeno wa mashine akaukata asubuhi moja, akapakia magogo, akaondoka. Kisiki akatuachia. Mume wangu alichimba dhahabu maduarani, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, mpaka mgongo ukagoma. Hata ndoo ya maji hainui. Nikachukua sururu mwenyewe.

Jirani yangu, mama mtu mzima, akanichungulia juu ya ua, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hiyo kazi ya wanaume wawili!"

"Shikamoo, mama. Basi leo nitakula ugali wa wawili."

Mume wangu akaja akiegemea fimbo yake, akaketi kwenye kiti kivulini. "Usipige kwa hasira," akaniambia. "Inua tu sururu, halafu iache ishuke kwa uzito wake."

Sikumsikiliza. Nimelima pamba tangu utotoni, nani wa kunifundisha jembe? Kufika adhuhuri malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani. Kesho yake vidole havikuweza kukamata mswaki. Siku ya tatu mkono wa kulia haukupanda kupita kifua, ikabidi mume wangu anivue blauzi kama mtoto.

Alichovya taulo katika maji ya moto, akanikanda mabega. Kisha akasema, "Wiki yangu ya kwanza duarani nililia. Sijawahi kumwambia mtu."

Miaka yote ile nilikuwa nikimpikia na kumfulia nguo za matope, sikuwahi kumuuliza mwili wake ulikuwa unasemaje.

Nilipumzika siku mbili. Niliporudi kwenye kisiki nilichimba kwa namna yake: nainua, naachia, navuta pumzi. Yeye alisikiliza mlio wa sururu, akanielekeza mzizi ulipo. Tukafika kwenye mzizi mkuu, mnene kama paja langu. Niliukata kwa shoka tangu asubuhi hadi saa nane, nikipumzika kila alipoinua mkono. Kisha nikachomeka mtaimbo, nikaulalia kwa uzito wangu wote. Kisiki kikalia, kikapinduka.

"Kimetoka!" mume wangu akapaza sauti, amesimama bila fimbo.

Bega linaniuma hadi leo nikianika nguo. Lakini mwezi uliofuata, mlango wa choo ulipooza, sikumtafuta fundi. Nilimwita mume wangu, nikampa kiti, nikamuuliza tuanzie wapi.